Hendibreki ya lori la zamani la jeshi: inateleza, inakwama, au inakudanganya

Malindi imelala kama mkeka. Liache lori lako Maweni au Barani bila hendibreki, nenda kanywe kahawa, ukirudi utalikuta pale pale. Ndiyo maana hendibreki mbovu huku kwetu huishi miaka bila mwenyewe kujua. Ugonjwa hujitokeza siku gari limepakia mawe ya kujengea na limesimama kwenye mteremko wa kushukia mto Sabaki, au njia za Marafa, au pale Mokowe ambapo malori hurudi kinyumenyume kuelekea majini ili mizigo ya Lamu ishushwe. Hapo ndipo dereva huvuta mkono, akashuka, kisha akaliona gari lake linamfuata.

Magari ninayoyazungumzia ni yale yaliyotumika jeshini nchi za watu, yakauzwa mnadani, yakaangukia mikononi mwetu: Land Rover za Series, Bedford za tani nne zilizobebea askari wa Uingereza, na mara chache yale ya Marekani yenye ekseli tatu kama M35. Ni vyuma vigumu, na ugumu huo ndio unaotupumbaza. Mtu huona chasisi nene kama boriti, akadhani kila kitu kilichofungwa juu yake ni kinene vilevile.

Kabla ya kushika spana, jiulize swali moja: hendibreki ya gari hili inashika wapi?

Kwenye gari dogo la kawaida, ukivuta mkono, kebo zinakwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Gurudumu lenyewe ndilo linaloshikwa. Land Rover za Series hazikuundwa hivyo, na M35 pia. Humo dramu ya hendibreki, ile ngoma ya chuma inayokazwa na breki, imefungwa nyuma ya transfa (boksi la gia linalogawa nguvu ya injini mbele na nyuma), pale inapoanzia propela ya nyuma, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye ekseli. Ukivuta mkono unashika propela. Magurudumu yanasimama kwa sababu tu yameungwa na propela kupitia difu (gia za katikati ya ekseli) na hafushafti (vyuma vinavyotoka kwenye difu mpaka magurudumuni). Kila kiungo hapo katikati kikiwa kizima, mfumo huu una nguvu ajabu. Kwenye difu ya Land Rover ya Series propela huzunguka mara 4.7 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na kwenye M35 ni mara 6.72, kwa hiyo dramu ndogo tu inaweza kuzuia gari zito. Kiungo kimoja kikikatika, au kikiachiwa, dramu itabaki imekazwa barabara huku gari linakwenda zake.

Kwa hiyo ingia chini ya gari, huku magurudumu yamewekewa kabari, utazame. Fuata kebo au vyuma vinavyotoka kwenye mkono. Vikiishia kwenye dramu iliyo mwanzo wa propela, endelea kusoma kwa makini. Vikifika mpaka kwenye magurudumu ya nyuma, mengi ya hapa chini bado yanakuhusu, ila mkasa ninaousimulia sasa hautakukuta kwa namna ile.

Unapiga jeki, na gari linatembea

Nilikuwa bado mwanafunzi wa gereji. Tulipata pancha ya nyuma kati ya Gongoni na Marereni, Land Rover ya zamani ya jeshi, imebeba magunia ya chumvi. Fundi aliyenifunza, niliyemwita ami kwa heshima ingawa hatukuwa na undugu, akavuta hendibreki mpaka mwisho, akalegeza nati, akaanza kupiga jeki. Tairi lilipoachana na ardhi tu, gari likasogea mbele, jeki ikalala, na ekseli ikadidimia mchangani. Namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa amelaza mguu pale.

"Ami, hendibreki si ulivuta?"

"Nimevuta, mwanangu. Nenda kaone mwenyewe."

Nikaenda. Mkono ulikuwa umevutwa kweli, na chini dramu ilikuwa imekazwa. Hakuna kilichoharibika. Hendibreki ilifanya kazi yake yote na gari likaondoka.

Sababu ni difu. Propela ikiwa imeshikwa, difu hairuhusu magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka upande mmoja, lakini inaruhusu moja liende mbele wakati lingine linarudi nyuma. Yote mawili yakiwa chini, hilo haliwezekani, ndiyo maana gari hutulia. Ukiinua moja, lile la hewani linakuwa huru kugeuka kinyume, na lile la chini linabiringika bila kizuizi chochote. Hata mteremko usioonekana kwa macho unatosha. Kule Gongoni ungeapa kuwa barabara imenyooka kama maji ya birika.

Dawa yake si ya spana. Kabla ya kuinua gurudumu la nyuma, weka kabari kwenye magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake. Kwenye Land Rover ya Series, ingiza pia nguvu ya magurudumu manne, gia nzito. Hapo propela ya mbele inaungwa na ya nyuma, na kwa kuwa magurudumu ya mbele yote mawili yako chini, yatalishikilia gari. Hata hivyo usiache kabari. Kwenye M35 ekseli mbili za nyuma zimeungwa moja kwa moja bila difu katikati yake, kwa hiyo ukiinua gurudumu la ekseli moja, ekseli ya pili bado inashika. Ukiinua upande mzima wa nyuma, ekseli zote mbili, umerudi kule kule kwa ami wangu.

Mkono unapanda mpaka juu na hausemi kitu

Huu ndio ulalamishi ninaousikia zaidi, na mara nyingi ndio mwepesi. Anza juu, ushuke. Mkono wa M35 una kirungu kwenye ncha yake. Ukiwa umeachia breki, unakizungusha kwa mkono na kebo inakazwa. Madereva wengi wanadhani ni pambo. Kirungu kikifika mwisho na mkono bado mwepesi, usilazimishe kwa koleo. Maana yake kazi imehamia kwenye dramu.

Kwenye Land Rover, marekebisho yako kwenye sahani ya dramu yenyewe, chuma kidogo chenye kichwa cha pembe nne. Kikaze mpaka propela isigeuke kwa mkono, kisha kilegeze vijino viwili. Ukivuta mkono, breki ianze kushika kwenye jino la tatu au la nne. Ikishika kwenye jino la kwanza, umekaza mno, na utachoma lainingi (ngozi ya kusugua iliyofungwa kwenye viatu vya breki, vile vyuma vinavyobana dramu) kabla hujafika Gede.

Kosa la fundi mwenye haraka ni kurekebisha kebo ili kuficha lainingi zilizokwisha. Kebo inavutwa, mkono unarudi kuwa mgumu, mteja analipa na anaondoka akicheka. Baada ya mwezi kebo imefika mwisho wa uzi na lainingi zimebaki ribiti. Anza na dramu kila mara, kebo baadaye.

Kama mkono umelegea ghafla, jana ulikuwa mzima na leo umekufa, usitafute mambo makubwa. Tafuta pini. Vyuma vya hendibreki vimeunganishwa kwa pini zilizozuiwa na splitipini, na nimeona magari yanayotembea na misumari iliyokunjwa mahali pa splitipini. Msumari hukatika. Hilo ndilo jibu, wala huhitaji kunilipa.

Mkono mgumu kabisa, lakini lori linateleza

Hapa ndipo pana kazi, na hapa ndipo watu hudanganyika, maana mkono mgumu unampa mtu imani.

Kwanza shuku oili. Dramu ile iko nyuma ya transfa, na transfa imejaa oili. Kinachozitenganisha ni sili moja tu. Sili ikichoka, oili hutiririka ndani ya dramu na kulowesha lainingi. Ishara yake ni alama ya mafuta chini ya sahani, vumbi lililogandamana kama tope jeusi, na matone gari linapolala. Kwenye Land Rover huu ni ugonjwa wa ukoo.

Watu hubadilisha sili na ugonjwa unarudi. Kabla ya kumlaumu muuza spea, angalia mambo mawili. Tundu la pumzi la transfa likiziba kwa matope, hewa ya ndani ikipata moto hukosa pa kutokea, ikasukuma oili kupita kwenye sili mpya kabisa. Na ile flenji ambayo mdomo wa sili unailalia, ukiipitisha ukucha ukasikia mfereji, sili mpya haitaziba. Ongeza la tatu: oili iliyojazwa kupita kiasi na taniboi mwenye huruma.

Lainingi zilizolowa oili hazina dawa. Najua mtaani watu huzimwagia petroli wakaziwasha moto, au huzichemsha na sabuni. Zinakauka juu, unazifunga, zinashika siku mbili. Zikipata moto wa kazi, oili iliyojificha ndani inatoka jasho upya. Badilisha.

Kuna chanzo kingine ambacho huwezi kukikuta kwenye kitabu chochote cha jeshi, kwa sababu ni cha kwetu. Malori yanayobeba chumvi kutoka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa huliwa na kutu, na wenyewe huyapaka chasisi oili chakavu iliyochanganywa na dizeli. Ni dawa nzuri kwa chasisi. Lakini kijana mwenye pampu hanyunyizi kwa kuchagua, na dramu iko pale pale katikati. Dereva akiniambia, "Fundi, hendibreki imekataa tangu juzi," swali langu la kwanza ni hili: juzi gari lilipakwa oili? Funga dramu kwa mfuko wa nailoni kabla ya kunyunyiza, na usisahau kuutoa.

Kama hakuna oili, fungua dramu utazame uso wa lainingi. Ukiwa unang'aa kama kioo, zimechomwa, mara nyingi na dereva aliyetembea akiwa amesahau kuachia mkono. Zikiwa bado nene, msasa mkali, zikiwa zimeloweshwa maji, huweza kuzirudisha. Zikiwa zimekaribia vichwa vya ribiti, ziondoe kabla ribiti hazijachora dramu. Vumbi la ndani usilipulize kwa upepo wa kompresa hata kidogo. Lainingi za enzi ya magari haya mara nyingi zilikuwa na asbesto, na asbesto ikiingia kifuani haitoki. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa kifungwe na kitupwe.

Maji ya bahari nayo yana fujo yake. Lori likirudi kinyumenyume mpaka majini kule Ngomeni kuchukua mashua, dramu huingia maji, na kwa muda hendibreki inakuwa kama imepakwa bamia. Maji yakikauka inashika tena, na dereva anasema imejipona. Wiki mbili baadaye itakuja na malalamiko ya kinyume, nitakayoyafikia chini.

Jambo jingine: dramu imekazwa, lainingi safi, na gari linateleza vilevile. Muombe mtu asukume gari kidogo mahali palipo sawa, huku umesimama pembeni, si nyuma wala mbele, unatazama propela. Propela ikizunguka, ubaya uko kwenye breki. Propela ikiwa imetulia na gurudumu linazunguka, breki ni nzima na kilichokatika kiko mbele ya safari: krosi (kiungo kinachopinda cha propela), meno ya propela, difu, au hafushafti. Jaribio hili moja linaokoa nusu siku ya kufungua mambo yasiyo na hatia. Mwenye gari ambaye ametoka kuvuta lori lenye propela iliyofunguliwa anapaswa kulijua hili bila kuambiwa: propela ikiwa imefunguliwa, huna hendibreki kabisa, hata ukivuta mkono ukakatika.

Linashika, lakini kwanza linaruka na kulia "tak"

Unaegesha, unavuta mkono, unaachia pedali, gari linasogea kidogo, kisha linasimama kwa kishindo. Wageni wa magari haya huogopa. Kwa breki ya propela, kusogea kidogo ni tabia, kwa sababu kuna uwazi katika kila jino la gia na kila krosi kati ya dramu na tairi, na uwazi wote huo lazima uishe kwanza.

Likisogea kidogo, liache. Likisogea kama robo ya mzunguko wa tairi, kuna kitu kinakufa. Lala chini, kabari zikiwa mahali pake, shika propela uizungushe huku na huku. Utasikia uwazi uko wapi: kwenye krosi, au kwenye difu. Na njia ya kupunguza kishindo ni ya kuegesha tu. Simamisha gari kwa pedali, vuta hendibreki ukiwa bado umekanyaga, weka nyutro, achia pedali taratibu mpaka gari lijilaze lenyewe kwenye breki, kisha ingiza gia. Wanaoingiza gia kwanza huuacha uzito wote wa mawe uning'inie kwenye meno ya gia boksi.

Lilisimama vizuri, baada ya muda likaondoka

Huu ndio unaoua, kwa sababu dereva ameshakwenda zake.

Sababu ya kwanza ni meno ya mkono yaliyolika. Ulimi unakaa kwenye ncha ya jino badala ya kukaa shimoni, na mtikisiko wa mlango unaofungwa unautoa. Vuta mkono, kisha uupige kwa kiganja kutoka upande. Mkono ukijiachia wenyewe, badilisha meno. Kuna madereva wanaoufunga kwa kamba kwenye kiti. Ni werevu wa kukwepa shilingi mia chache.

Ya pili ni moto. Kama breki ni ya bendi inayoikaza dramu kwa nje, na uliitumia kupunguza mwendo kwenye mteremko, dramu ilipata moto ikatanuka. Ukaegesha. Dramu inapoa, inasinyaa, inajitoa kwenye bendi. Mkono haujasogea hata jino moja, lakini mkazo umekwisha. Na kwa hilo hilo usiitumie hendibreki ya propela kupunguza mwendo. Kwa ile hesabu ya 4.7 na 6.72 niliyoitaja, propela huzunguka kwa kasi kubwa, dramu hupata moto haraka, na ukivuta kwa ghafla unaweza kukata hafushafti.

Hapo watu wa M35 huuliza: na pedali ikifa? Swali la haki. M35A2 ina mzunguko mmoja tu wa mafuta ya breki. Upepo unasaidia kusukuma, lakini mafuta ni njia moja. Paipu moja ikipasuka, pedali yote inazama. Hapo hendibreki ndiyo iliyobaki. Itumie pamoja na gia nzito, kwa kuvuta taratibu. Kisha badilisha paipu zote za mpira, maana iliyopasuka ina ndugu zake wa umri mmoja.

Sababu ya tatu ni kwamba hukuvuta hendibreki kabisa, ulidhani umevuta. Baadhi ya malori ya upepo yana mkono mdogo wa kushika breki za trela. Si hendibreki. Unashikilia kwa upepo, na upepo huvuja. Usiku mmoja tangi liko tupu na trela iko huru. Kubana pedali kwa kipande cha mti ni jambo hilo hilo: kinachoshika ni mafuta au upepo uliobanwa, na vyote viwili huchoka kabla ya wewe kuamka.

Kosa la nne ni la lever ndogo ya transfa. Ukiiacha nyutro, gia uliyoingiza haina maana yoyote, kwa sababu injini haijaungwa na magurudumu. Hili huwapata wanaotumia winchi. Gari linavuta kisiki, transfa iko nyutro, na kila kitu kimeachiwa hendibreki peke yake huku waya unalivuta gari kwa nguvu zote.

Haiachii: gari zito, harufu, moshi

Chumvi. Nimekwisha kujibu, lakini nieleze kidogo. Kebo hupita ndani ya ganda. Maji ya chumvi yakiingia, hukauka, kutu inavimba, na kebo inashika ukutani. Ukivuta, nguvu ya mkono wako inaishinda kutu. Ukiachia, springi ya kurudisha haiishindi. Viatu vinabaki vimegusa dramu.

Tembea kilomita mbili, simama, weka kiganja karibu na dramu bila kuigusa. Ikiwa inatoa joto kama jiko, inaburuta. Fungua kebo kwenye ncha ya dramu. Dramu ikiwa huru, ubaya ni kebo. Ikiwa bado nzito, ubaya ni viatu au springi zake. Kebo iliyoshika kutu waweza kuitilia oili nyembamba kwa juu, siku nzima, huku ukiichezesha. Ikikataa, nunua nyingine. Yule aliyerudi kutoka Ngomeni na mashua angelisafisha dramu kwa maji baridi yasiyo na chumvi jioni ile ile, tusingeonana.

Malori yenye breki ya springi

Malori makubwa zaidi ya upepo, kama yale ya Marekani ya tani tano ya M939, yana chemba (makopo ya upepo ya breki) zenye springi kubwa nyuma. Huku mambo yamegeuka: upepo ndio unaoachia, na springi ndiyo inayoshika. Upepo ukiisha, gari linajifunga lenyewe. Gari likikataa kuondoka asubuhi, usigonge kitu. Subiri geji ya upepo ipande. Isipopanda, sikiliza kwenye chemba. Mlio wa "ssss" mfululizo ni mpira uliotoboka.

Ili kulifikisha gari gereji, springi hukunjwa kwa boliti ndefu inayokuja na chemba. Ni halali. Hatari iko baadaye: boliti inasahaulika ndani, gari linarudi kazini, na dereva anaegesha akiamini springi, wakati springi imefungwa mikono. Nikilipokea lori la aina hii kutoka kwa fundi mwingine, nazitazama boliti hizo kabla hata ya salamu.

Na chemba yenyewe, ile pete inayofunga nyumba ya springi, usiifungue kamwe. Springi iliyobanwa mle ndani ikitoka inaua mtu papo hapo. Chemba mbovu hubadilishwa nzima.

Kabari, na mtihani wa mwisho

Mtaka cha mvunguni huinama, lakini huinama baada ya kuweka kabari. Kabari iwe na urefu wa kwenda juu wa robo ya tairi. Tairi za M35, saizi 9.00-20, zina kimo cha kama mita moja, kwa hiyo kabari ni sentimita 25, si kokoto. Jiwe la matumbawe tunalojengea nyumba halifai. Likikandamizwa na tani tano linasagika kama ubuyu. Kipande cha boriti ya mkoko ni cha mviringo na kinabiringika pamoja na tairi. Mwambie seremala akukatie mbambakofi, upande mmoja wa mshazari. Mbao zake mbovu za mlango hazina bei kubwa. Weka pande zote mbili za gurudumu, na ukiwa chini ya gari, stendi ziwe zimebeba chasisi, si jeki.

Ukimaliza kutengeneza, jaribu gari likiwa na mzigo, siyo tupu, na ulijaribu kwa kuelekea juu na kuelekea chini. Viatu vya ndani ya dramu mara nyingi hushika vizuri zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na lori linalotulia likitazama Marafa laweza kuteleza likitazama Malindi. Lipitishe mteremko mfupi usio na mtu wala duka mbele yake, kabari ikiwa nusu mita kutoka tairini ili ilipokee likikataa. Kaa dakika kumi na tano, si mbili. Chora alama ya chaki kwenye tairi na chini, ili macho yako yasikufiche kusogea kwa kidole kimoja.

Ukilipeleka kwa ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, mwambie mkaguzi mapema kwamba hendibreki iko kwenye propela. Mashine ya rola huzungusha magurudumu ya ekseli moja, na ukivuta breki ya namna hii kwa ghafla juu yake, nguvu yote inapita kwenye difu na gari linaweza kuruka kutoka kwenye rola. Wengi wanalijua. Yule mmoja asiyelijua ndiye utakayemkuta siku yako.